Mzee Tom, Mtunza Nyasi wa St Andrews

Majuma mawili yaliyopita ilitangazwa kwamba ukurasa huu wa maisha ya watu utaandikwa pia na washirika, si wachungaji peke yao, na jina langu likasomwa kabla hata sijaulizwa. Wengi wenu mnanijua kama yule mzee wa mlango wa pili anayewatafutia viti mkichelewa. Wachache wanajua kwamba kwa miaka 22 nilikula mkate wa gofu. Nilianza kama kedi, nikibeba mabegi ya wachezaji, halafu nikawekwa upande wa kutunza nyasi. Kwa hiyo leo sina habari za mhubiri. Nina habari za mcheza gofu.

Najua wengine mmeguna. Gofu kwetu ni mchezo wa wenye pesa, na sisi wengine tunauona kupitia ua tukiwa ndani ya matatu. Lakini huyu ninayemleta leo hakuwa mtu wa pesa. Alikuwa mtoto wa mfumaji, akafanya kazi ya mikono mpaka uzee wake, na alikuwa mzee wa kanisa. Jina lake ni Tom Morris. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1821 huko St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Kanisa lake ni lile la Waskoti, lile lile lililotuletea wamishonari wa Kikuyu. Mkipita Thogoto mjue kwamba hata jina la mahali hapo latokana na Waskoti hao. Na niseme mapema, ili mtu asije akanisimamisha nje baada ya ibada: Tom alivuta kiko maisha yake yote. Hakuwa mlokole kwa kipimo chetu. Nawaeleza alivyokuwa.

Jina lake nililisikia kwanza kwa mzungu mmoja mzee niliyekuwa nikimbebea begi kila Jumamosi. Alitembea polepole kwa sababu ya goti, na kati ya shimo na shimo alisimulia. Baadaye nikatafuta na kusoma mwenyewe, maana yale ya uwanjani mengine yalikuwa ya kuongezwa chumvi.

Tom alipokuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi aliwekwa kwa fundi mmoja, Allan Robertson, aliyekuwa mcheza gofu bora kuliko wote wa wakati huo na pia mtengenezaji wa mipira. Mipira ya siku hizo ilikuwa ya ngozi. Unachukua manyoya ya bata bukini, kiasi cha kujaza kofia, unayachemsha, kisha unayashindilia kidogo kidogo ndani ya kifuko cha ngozi iliyoloweshwa, mpaka kifua kinauma. Ngozi ikikauka inabana, manyoya yakikauka yanavimba, na mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Kwa siku nzima fundi hodari alitengeneza mipira michache tu, na mvua ikinyesha inaharibika. Ndipo kufikia mwaka 1848 ikaja mipira mipya ya utomvu wa mti kutoka Asia, rahisi kutengeneza na rahisi kununua. Robertson aliiona kuwa adui wa mkate wake. Siku moja akamkuta Tom akiucheza mpira huo wa utomvu. Wakakosana, na Tom akaondoka kwake.

Kabla hajauhama mji, jambo la kwanza zito lilimpata. Mwaka 1850 yeye na mkewe Agnes, aliyeitwa Nancy na wote waliomjua, walimzika mtoto wao wa kwanza akiwa na miaka minne tu. Aliitwa Tom kama baba yake. Mwaka uliofuata, 1851, wakapata mvulana mwingine nao wakampa jina lile lile. Sisi tunaorithisha majina tunaelewa vizuri walichokuwa wakifanya. Huyu wa pili ndiye Tommy, na mumweke akilini.

Mwaka huo huo wakahamia Prestwick, upande wa pili wa nchi. Huko Tom alipewa kipande cha ardhi ya mchanga na vilima, akaambiwa atengeneze uwanja. Akatengeneza wa mashimo 12. Ni hapo ndipo, tarehe 17 Oktoba 1860, yalipofanyika mashindano ambayo leo dunia nzima inayaita Open. Wachezaji walikuwa wanane. Walizunguka uwanja mara tatu kwa siku moja, na zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu. Willie Park alishinda kwa mapigo 174, Tom akafuata kwa 176. Tom alishindwa kwenye uwanja alioutengeneza kwa mikono yake!

Lakini alirudi. Alishinda 1861, na 1862 akashinda kwa tofauti ya mapigo 13, halafu 1864, halafu 1867. Hiyo ya mwisho alikuwa na miaka 46, na hadi leo hakuna aliyeshinda Open akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Na si kwamba hakuwa na udhaifu. Alipiga mbali, alipiga vizuri, lakini mpira ukifika hatua mbili kutoka shimoni mikono ilimtetemeka na kuukosa. Inasimuliwa kwamba kuna mtu alimwandikia barua, na mahali pa jina akaandika tu kwamba ni ya yule anayekosa mapigo mafupi, Prestwick. Mtu wa posta akaipeleka moja kwa moja kwa Tom. Inasemwa mwenyewe alicheka na kuwaonyesha watu.

Mwaka 1868 Open ilichukuliwa na Tommy, mwanawe, akiwa na miaka 17. Aliyefuata nyuma yake alikuwa baba yake mwenyewe. Mmoja bado ndiye bingwa mzee kuliko wote na mwingine bado ndiye bingwa mdogo kuliko wote, na walikula meza moja. Tommy akashinda tena 1869, na 1870 akashinda kwa mapigo 12. Kanuni ilisema ukishinda mara tatu mfululizo mkanda ni wako, kwa hiyo akaenda nao nyumbani. Mwaka 1871 hakukuwa na zawadi ya kushindania, hivyo mashindano hayakufanyika. Mwaka 1872 yakarudi, na Tommy akashinda ya nne. Wale waliomwona walisema hawajapata kuona mchezaji kama yeye. Mzee Tom mwenyewe aliuambia ulimwengu wazi kwamba kijana anamshinda, na alijivunia hilo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo penye kazi ninayoijua mimi. Mwaka 1864 wakubwa wa klabu ya St Andrews walimwita Tom arudi nyumbani awe mtunza uwanja, kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Alikabidhiwa vyombo vyake vya kazi: wilibaro, sepeto na koleo. Uwanja wenyewe ulikuwa umechakaa. Watu walianikia nguo kwenye majani, sungura walichimba, upepo wa bahari ulipeperusha mchanga kila upande, na njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba wanaokwenda na wanaorudi waligongana.

Dawa yake kubwa ilikuwa mchanga. Inasemwa aliigundua kwa bahati akiwa Prestwick, wilibaro ya mchanga ilipomwagika kwenye nyasi, na baada ya muda akaona pale ulipomwagika nyasi ndizo zimenawiri. Mtu asiyejua atashangaa. Lakini mimi nimeifanya kazi hiyo, nawaambia ni kweli. Unanyunyiza mchanga mwembamba juu ya nyasi fupi, unausambaza kwa upande wa nyuma wa reki mpaka upotee ndani. Vishimo vidogo vinajaa, maji ya mvua hayasimami, shina linafunikwa na kutoa machipukizi mapya. Kwa majuma mawili uwanja unaonekana mbaya, na wachezaji wanalalamika. Halafu unaona. Sisi tulifundishwa hivyo na watu waliofundishwa na watu, na mwanzo wa mnyororo huo yumo Mzee Tom na koleo lake. Alipanua njia, akajenga upya mahali pa kumalizia, na alitumwa kupanga viwanja vingine kule Uskoti na Ireland kwa malipo ya pauni moja kwa siku. Carnoustie ina mkono wake, na Muirfield ya mwaka 1891 pia.

Halafu Jumapili. Hapa nitajisema mwenyewe. Kwa kedi, Jumapili ndiyo siku ya pesa. Wakubwa hawaendi ofisini, wanakuja na wageni, na bahashishi ya siku moja inaweza kupita mshahara wa wiki. Mimi nilikaa miaka bila kuingia kanisani kwa sababu hiyo, na mama yenu nyumbani alikuwa akienda na watoto peke yake. Sasa huyu mtu, ambaye gofu ndiyo chakula chake, ambaye duka lake la fimbo na mipira lilikuwa kando ya uwanja wenyewe, Jumapili alikuwa kanisani Holy Trinity, na uwanja umefungwa. Akija mtu kubembeleza, alimjibu kwamba hata kama yeye mchezaji hahitaji kupumzika, nyasi zinahitaji. Si jibu la mahubiri hilo, ni jibu la mtu wa kazi, na hakuna aliyeweza kubishana nalo. Hadi leo uwanja ule wa zamani hauchezwi Jumapili, isipokuwa kwa mashindano makubwa machache. Watu wa mji huingia na watoto na mbwa wao, wanatembea tu juu ya majani.

Nafika Septemba 1875. Tommy alikuwa na miaka 24. Novemba iliyotangulia alikuwa amemwoa Margaret, binti wa familia ya wachimba makaa, na sasa Margaret alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia. Baba na mwana walikwenda North Berwick, ng'ambo ya ghuba, kucheza na Willie Park na ndugu yake Mungo. Mchezo ukiwa umebakiza mashimo mawili, ikaja telegramu: Margaret ameshikwa na uchungu na hali ni mbaya, Tommy aje haraka.

Wakamaliza mashimo yale mawili. Wakashinda.

Wapo wanaosimulia kwamba Mzee Tom ndiye aliyepokea karatasi, akaisoma, akaitia mfukoni bila kumwambia mwanawe mpaka mpira wa mwisho ulipoingia. Wengine wanasimulia kwamba walijua wote wawili. Mimi nimebeba mabegi kwenye mashimo mawili ya mwisho mara elfu, najua ni nusu saa hivi. Nusu saa hiyo imenisumbua kuliko kitu kingine chochote katika maisha ya huyu mzee. Garimoshi halikuwa la kutegemea, wakapewa mashua, wakavuka maji usiku. Walipofika St Andrews, Margaret alikuwa amekufa, na mtoto naye amekufa.

Tommy alirudi kukaa nyumbani kwa wazazi wake. Alicheza kidogo, kwa sababu watu walimsukuma acheze, wakidhani kazi itamwamsha. Majira ya baridi yalipoanza alicheza mchezo mrefu wa siku nyingi dhidi ya mtu mmoja aliyeitwa Molesworth, katika baridi kali na theluji juu ya nyasi, na akashinda. Asubuhi ya Krismasi hakushuka kunywa chai. Walimkuta kitandani amekufa. Madaktari walisema mshipa ulipasuka kwenye pafu. Mji mzima ukasema amekufa kwa moyo kuvunjika. Na Mzee Tom, aliposikia habari hiyo ya moyo kuvunjika, inasemwa alijibu kwamba kama hilo lingeweza kumuua mtu, yeye mwenyewe asingekuwepo.

Mnisamehe, hapa nitatoka nje ya habari yangu kwa dakika moja. Mwaka tulipomzika mwanangu wa pili, ndugu mmoja katika Bwana, si wa kanisa hili, alinishika bega palepale kaburini akaniambia nisilie, Mungu atanirudishia maradufu kama alivyomrudishia Ayubu. Nia yake ilikuwa njema, simlaumu. Lakini mimi nilikuwa na miaka 51 na mke wangu 47. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mfupa kooni. Nilikuwa nikiamka usiku kumuuliza Mungu ni mtoto gani huyo atakayerudishwa, na ikiwa hatarudishwa, je, ni imani yangu iliyo ndogo? Miezi mitano sikukanyaga kanisani. Siku ya arobaini bosi wangu alinipa reki bila neno, nikaenda kufanya kazi kwenye shimo la saba, na nilimkumbuka yule mzungu wa goti bovu na hadithi zake.

Maana Mzee Tom hakurudishiwa. Hebu tuhesabu. Mtoto wa kwanza, 1850. Tommy, Krismasi ya 1875. Nancy mkewe aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, Novemba 1876, hata mwaka mmoja haujaisha. Mwana wao John alizaliwa 1859 akiwa hawezi kutembea, alisukumwa kwenye kigari na kufanya kazi ndani ya duka la baba yake, akafa 1893. Binti yake wa pekee, Elizabeth, aliyemtunza nyumbani, 1898. Wa mwisho, James, naye mchezaji mzuri, 1906. Watoto wote watano. Mzee akiwa amepita miaka 80 alisimama kwenye kaburi la wa mwisho.

Wahubiri wetu hupenda kufika haraka sura ile ya mwisho ya Ayubu, pale kondoo na ngamia wanapohesabiwa upya. Sipingi, imeandikwa. Nasema tu kwamba kuna watu ambao sura hiyo haikuwafikia wakiwa hapa duniani, na wako ndani ya kanisa hili, naona nyuso zenu pale mlangoni. Nilitaka mjue habari za huyu mmoja.

Kwa hiyo alifanya nini? Aliamka. Asubuhi alishuka baharini kuoga, kiangazi na baridi, na Bahari ya Kaskazini si maji ya Diani. Alivaa, akaenda kuangalia nyasi. Aliendelea kucheza Open mwaka baada ya mwaka, hata alipokuwa hana tena tumaini la kushinda, kwa zaidi ya miaka thelathini tangu ile ya kwanza. Vilabu 60 vya gofu vilichanga pesa kujenga sanamu ya Tommy ukutani mwa makaburi ya kanisa kuu la zamani, akiwa na kofia yake na fimbo mkononi, ikazinduliwa 1878. Baba alikuwa akipita hapo. Vijana wa mji walimwendea dukani awafundishe, na wageni walikuja kutoka mbali ili tu wamwone yule mzee wa ndevu nyeupe, mikono mifukoni, kiko mdomoni, amesimama kando ya shimo la 18 ambalo mpaka sasa linaitwa kwa jina lake. Hakuacha kazi ya kutunza uwanja mpaka 1903, akiwa amepita miaka 80.

Watu waliomjua walishangazwa na kitu kimoja: hakuwa mchungu. Hakuna aliyemsikia akimlaumu Mungu, na hakuna pia aliyemsikia akisema yote yalikuwa mazuri. Kuhusu telegramu ile nadhani aliibeba mfukoni mpaka mwisho, lakini hayo ni mawazo yangu mimi.

Tarehe 24 Mei 1908 ilikuwa Jumapili. Uwanja ulikuwa umefungwa. Mzee Tom, akiwa amebakiza majuma matatu na kitu kutimiza miaka 87, alikuwa amekwenda kwenye klabu moja jirani na uwanja kuketi na wenzake dirishani, kama ilivyokuwa desturi yake. Alisimama kwenda msalani. Kwenye ujia kulikuwa na milango miwili iliyokaribiana, na macho yake hayakuwa mazuri tena. Akafungua usio wake, ule wa ngazi za kushuka ghala la chini, akaanguka. Hakuamka.

Siku ya maziko maduka yalifungwa, na watu walifuata jeneza kwa msururu mrefu kupitia barabara kuu ya mji hadi makaburini. Walimlaza karibu na Tommy.